Kuku Asiyechinjiwa Mgeni

Masumbwe,
14 Januari 2024

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya pamoja na mpwa wangu Lusia. Mimi ni mzima kiasi, ila mgongo na kifua ndivyo vinavyonisumbua, na hivyo umeshavizoea kuvisikia.

Usishangae kuona barua. Siku ya mwaka mpya nilikupigia simu na unakumbuka tulivyomaliza. Ulikata, nami nikabaki napiga kelele peke yangu, Fredy ninayelala naye chumba kimoja akidhani nimeibiwa. Kwenye simu hatufiki dakika mbili bila ugomvi. Kwenye karatasi huna pa kunikatiza. Kondakta wa basi la Shinyanga amekubali kuzibeba barua zetu, ataziacha pale stendi kwa mama muuza chai, Lusia atazichukua akipita.

Dada, nimechoka. Miaka kumi na moja ya kushuka kwenye duara, na kila nikiwa chini kwenye shimo hilo nahesabu pumzi. Tangu mama afariki wewe ndiye uliyenilea, kwa hiyo wewe ndiye wa kwanza kuambiwa: nataka kurudi nyumbani. Duara letu limetoa dhahabu kidogo kabla ya Krismasi, na mgao wangu unatosha kujenga banda la kuku pale kwetu na kununua vifaranga mara moja. Mara moja tu, Dada. Wakifanikiwa narudi tufuge wote. Wakifa nabaki huku mpaka Mungu aseme vingine.

Sasa kazi ni kuchagua. Fredy anasema chotara, maana wanakua haraka na wana nyama. Mwingine hapa anasema kuku wa nyama, wiki sita umeuza. Mimi moyo wangu uko kwa kienyeji. Ndio tuliokua nao, hawabembelezwi, wanajitafutia wenyewe. Wewe unasemaje?

Mdogo wako,
Mabula


Kishapu,
25 Januari 2024

Mdogo wangu Mabula,

Marahaba. Sisi hatujambo, Lusia anakusalimu. Jua ni kali, lambo limebaki tope, na mimi miguu inavimba jioni. Mengine ni ya kawaida.

Barua yako nimeisoma mara tatu na mara zote nimelia kidogo, kisha nikaenda kuchota maji maana machozi hayajazi ndoo. Kwamba unataka kurudi, namshukuru Mungu. Kwamba unataka kienyeji, hapana.

Unasema wanajitafutia wenyewe. Ni kweli. Na wageni nao wanawatafuta. Pasaka iliyopita nilikuwa na kuku kumi na saba. Ugonjwa wa mdondo uliua wanne, kicheche akachukua wawili. Hao waliobaki kumi na mmoja unajua walikwenda wapi? Baba mkubwa Mwigulu alikuja kusalimia, nikachinja. Wakwe wa binamu Asteria walipita wakielekea mnadani, nikachinja. Katekista alikuja kubariki nyumba, nikachinja. Baba mkubwa akarudi kuchukua fimbo aliyoisahau, nikachinja tena! Mtu akishavuka ua hapa kwetu na kuku akapita mbele yake, huwezi kumpa mlenda. Ukimpa, kabla jua halijazama Kishapu nzima inajua kwamba nyumba ya marehemu mama haina heshima.

Umekaa mgodini umesahau. Ukileta kienyeji mia mbili, tutapata wageni mia mbili. Chotara nao wana manyoya ya rangi rangi kama wa kienyeji, mzee hatofautishi, atataka firigisi yake.

Mimi nimeshafikiri. Chukua kuku wa mayai, wale wa kisasa wekundu wa kufungiwa bandani. Baba mkubwa alichinjiwa kuku wa kisasa kwa Asteria pale Shinyanga mjini, akasema amelishwa sponji. Hao hakuna mgeni wa Kisukuma atakayewatamani. Watataga kwa amani.

Najua wanataka chakula cha kununua, chanjo na maji kila saa. Nitaweza. Kazi nimeizoea, ila kuchinja kila siku kwa aibu ndiko kumenichosha.

Dada yako,
Mama Lusia


Masumbwe,
6 Februari 2024

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini miguu imepungua. Mimi nakohoa lakini naendelea.

Nilimsomea Fredy barua yako tukacheka mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta. Miaka yote nasikia watu wakichagua kuku kwa uzito, kwa mayai, kwa magonjwa. Wewe umechagua kwa kumkwepa baba mkubwa. Fredy anasema ungefaa kuwa msimamizi wa duara, usingeibiwa hata jiwe.

Basi, wa mayai. Nimekubali. Fundi atakuja wiki ijayo na mabati, naye ni mgeni kwa hiyo mpe mlenda na usione haya. Vifaranga mia mbili nimeagiza kwa wakala pale Shinyanga, duka la bwana Hemal anayeuza vyakula vya mifugo. Nimemwuliza kila swali mpaka akaniuliza kama naoa.

Dada, nitakuwa nafikiria banda hilo kila nikishuka. Nakuomba uniandikie kila kitu, hata kibaya.

Mdogo wako,
Mabula


Kishapu,
11 Machi 2024

Mdogo wangu,

Marahaba, na wabeja sana kwa mabati. Hatujambo. Hali yako vipi? Kikohozi kimekwisha au unanificha?

Vifaranga wamefika. Mmoja alikufa njiani, wengine watatu siku ya pili. Mia moja tisini na sita wako hai. Chumba chako ndicho kimekuwa cha kuwalelea, maana hakina upepo. Nimeweka jiko la mkaa katikati na maboksi pembeni, na mimi na Lusia tunapokezana kuwaangalia, wakisongamana tunawatawanya. Wiki nzima sijalala kama mtu. Bibi Agnetha, afisa mifugo wetu, anakuja na pikipiki yake kuwachanja na anasema wanakwenda vizuri.

Baba mkubwa alikuja jana. Alichungulia, akawatazama kwa muda mrefu, akasema, "Hawa ni vifaranga au ni wadudu?" Kisha akala mlenda bila kudai kuku na kuondoka zake. Nilikaa chini nikacheka peke yangu. Ulikuwa uamuzi mzuri.

Dada yako,
Mama Lusia


Masumbwe,
2 Juni 2024

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini wewe, Lusia na kuku mko salama.

Uliniambia nisikufiche, kwa hiyo sikufichi. Jumanne iliyopita matimba yalikatika, zile nguzo za mti zinazoshikilia kuta za duara. Mimi nilikuwa nimepanda juu kunywa uji. Mwenzetu Masudi alikuwa chini. Tulifukua kifusi kwa mikono na majembe, tukamtoa akiwa hai, lakini nyonga imevunjika na hatashuka tena. Ana watoto wanne. Mwenye duara alimpeleka hospitali, na Alhamisi tulikuwa tumeshapigilia matimba mapya na kuendelea na kazi.

Niambie kuku wataanza kutaga lini.

Mdogo wako,
Mabula


Kishapu,
9 Juni 2024

Mabula,

Marahaba. Mwishoni mwa Julai, Agnetha anasema. Vumilia mdogo wangu. Kama huwezi kuvumilia, njoo hata leo, tutakula hicho hicho tulicho nacho. Nakuombea kila asubuhi, wewe na huyo Masudi.

Dada yako


Masumbwe,
16 Juni 2024

Dada,

Shikamoo. Nimekusikia. Lakini nikija sasa, chakula cha kuku atanunua nani mpaka Julai? Nabaki.

Mdogo wako


Kishapu,
19 Agosti 2024

Mdogo wangu Mabula,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia huko ulipo. Hatujambo kimwili.

Nina habari nzuri na mbaya, na mbaya ni kosa langu, sitaificha, ila naanza na nzuri. Kuku walianza kutaga tarehe ishirini na tisa Julai, na kufikia wiki jana tulikuwa tunaokota trei nne kwa siku. Nilijisikia tajiri. Nikayapeleka mayai kwa wauza chipsi wa pale Maganzo, wakayachukua yote na kusema tulete zaidi.

Kumbe chakula nilikuwa nimekibadilisha. Cha dukani ni ghali, na hapa kwetu msimu wa pamba umeisha, kila mtu ana mashudu ya pamba ya bure au ya karibu na bure. Ng'ombe wetu wote wamenenepa kwa mashudu hayo tangu babu. Nikaona, kama yanamfaa ng'ombe, kuku ana nini? Nikayachanganya na pumba za mahindi, nikakwambia moyoni usijali, dada yako ana akili.

Jumatano wauza chipsi wakanirudishia trei saba. Ukivunja yai, kiini kina rangi ya kijani iliyochafuka, kama maji ya lambo. Mteja mmoja alitapika pale pale barazani. Wanasema nawauzia viza. Yalikuwa mayai ya siku tatu tu, Mabula! Agnetha alipokuja akanusa gunia, akashika kiuno. Amesema mashudu ya pamba ya kienyeji yana kitu kinachobadilisha kiini, ng'ombe hakimdhuru lakini kuku wa mayai hapaswi kupewa. Sasa nimewarudisha kwenye alizeti na dagaa, na anasema wiki tatu hivi kiini kitakuwa sawa. Lakini Maganzo hakuna anayetaka hata kuniona.

Nimejiuliza kama nikuambie. Nimekuambia. Nisamehe.

Dada yako,
Mama Lusia


Masumbwe,
1 Septemba 2024

Dada,

Shikamoo.

Nilikuwa nimeshamuaga mwenye duara. Nilimwambia mwisho wa Agosti naondoka, akanipa mkono na kunitakia heri, na vijana wakaninunulia soda. Barua yako ilipofika ikabidi nimrudie nikamwombe nafasi yangu. Alicheka. Nafasi ameshampa mwingine, sasa nashuka zamu ya wageni, ile ya mbali zaidi chini.

Nimekasirika na sitasema sijakasirika. Mashudu ya pamba! Ungeuliza tu, Dada. Ungemuuliza Agnetha kabla.

Lakini nimekumbuka pia kwamba ni wewe unayeamka, wewe unayebeba maji, na mimi nakaa huku nasubiri kuambiwa. Kwa hiyo nimeshakusamehe, hasira itaisha yenyewe.

Mabula


Kishapu,
20 Oktoba 2024

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba. U mzima? Sisi ni wazima, na leo naandika nikiwa nimekaa, jambo ambalo ni geni kwangu.

Kiini ni cha njano. Nilimpelekea mama mmoja wa Maganzo trei ya bure, nikamvunjia mayai sita mbele ya watu wote, moja baada ya jingine kwenye sahani nyeupe. Wakasogea kutazama kama wanatazama almasi. Ndani ya wiki mbili wakarudi wote. Sasa mayai hayatoshi. Shule ya hapa Mhunze nayo inataka trei kumi kila Ijumaa.

Mabula, njoo. Nasema njoo sasa, usingoje mgao mwingine wala Krismasi. Kuku wametimiza ahadi yao. Nimechoka kusikiliza redio nikingoja kusikia ajali ya mgodi huko kwenu Mbogwe.

Dada yako,
Mama Lusia


Masumbwe,
9 Desemba 2024

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na kwamba Lusia hajanuna sana. Mimi nimefika salama, na nimekaa siku tano bila kushuka chini, nikitafuta namna ya kuandika.

Najua ulirudi kutoka sokoni ukakuta begi langu halipo. Nilikaa nyumbani siku tisa. Nilikuja nikiwa nimefunga kazi, nimeaga, nimegawa hata godoro langu kwa Fredy. Unastahili kujua kwa nini niliondoka.

Siku niliyofika ulikuwa umenunua jogoo wa kienyeji kwa jirani, mkubwa, mwekundu. Lusia akapiga magoti kuninawisha mikono. Ukaniletea firigisi kwenye kisahani cha peke yake. Nilikula na nikafurahi. Siku ya pili ukachinja mwingine. Siku ya tatu mwingine, na chai ya maziwa kwenye kikombe cha maua cha mama. Nikitaka kuchota maji, unaninyang'anya ndoo. Nikiingia bandani, kuku wanarukiana ukutani, unaniambia nitoke, watapunguza kutaga, hawajanizoea. Chumbani kwangu kuna magunia ya alizeti mpaka darini, kwa hiyo mkeka wangu ulikuwa sebuleni, na kila asubuhi Lusia anaukunja nikiwa bado nanawa uso.

Dada, mimi ni Msukuma. Najua kuku anachinjiwa nani. Anachinjiwa mtu atakayeondoka.

Siku ya nane jirani alikuuliza penye ua, "Kaka yuko mpaka lini?" Nilikuwa nyuma ya banda. Ukamjibu, "Bado yupo kwanza." Hukusema amerudi. Nikajiona nimekaa miaka kumi na moja chini ya ardhi nikichimba ili nipate mahali ambapo wewe umeshapajaza. Sikulaumu. Umefanya kazi yote, mimi nilituma mabati. Lakini nilishindwa kukaa nikingoja kuchinjiwa tena.

Nafasi ya chini bado ipo. Kesho kutwa nitaanza.

Mdogo wako,
Mabula


Kishapu,
18 Desemba 2024

Mabula,

Marahaba. Sitakuuliza hali yako, maana naijua, na yangu utaisikia sasa hivi.

Nilirudi kutoka sokoni na sukari ya chai yako mkononi. Nilizunguka banda mara mbili nikikuita kama mwendawazimu. Lusia ndiye aliyeona begi halipo. Nilikaa kwenye kizingiti mpaka kuku wakaanza kupiga kelele za njaa. Umeniumiza, na kwa umri wangu huu sikutegemea kuumizwa na mtoto niliyembeba mgongoni.

Kisha nikasoma barua yako, na nikaona aibu. Nilichinja kwa sababu sikujua namna nyingine ya kukuambia kwamba nimefurahi. Ulifika na mvi, unakohoa kama mzee, unaomba ruhusa kabla ya kukaa kwenye kiti. Nilikuogopa kidogo. Miaka yote hii nimekujua kwa simu, kwa barua na kwa pesa, huyo aliyeketi sebuleni sikujua anapenda nini. Kwa hiyo nikamfanyia ninachowafanyia watu wote. Jirani alipouliza, nilijibu vile kwa kuogopa kusema umerudi, kisha nionekane mwongo. Si unaona nilivyoogopa sawasawa.

Na lingine nikiri. Banda limekuwa langu. Nilipokutoa mle ndani haikuwa kwa ajili ya kuku peke yao. Nilikuwa na wivu, Mabula. Nimezeeka nikihudumia vya watu, hiki ndicho kitu cha kwanza nilichokifanya kikanitii.

Jana mimi na Lusia tumeyatoa magunia chumbani kwako. Tumeyahamishia sebuleni, nyumba imekuwa kama ghala, mgeni akija atakaa juu ya alizeti. Kitanda nimekitandika. Panya walikuwa wametoboa ukuta, hilo tundu utaliziba mwenyewe, mimi sitaligusa.

Jumamosi tarehe ishirini na nane Agnetha analeta chanjo ya mdondo. Safari hii si ya kuweka kwenye maji, ni tone jichoni, kuku mmoja mmoja, wote mia moja themanini na tisa. Mara ya mwisho ya tone nilijaribu kukamata na Lusia, nikaanguka nikaumia goti, na thelathini hawakupata dawa. Anataka mtu mwenye mikono yenye nguvu, aanze saa kumi na mbili asubuhi kabla joto halijapanda. Watakuparura, watakunyea, na kufikia jioni watakuwa wamekuzoea kwa lazima. Chakula ni ugali na mlenda. Vyombo utaosha.

Kama huji, niandikie kwa mkono wako mwenyewe uniambie, nijue. Kama unakuja, barua hii usiijibu.

Dada yako,
Apolonia